Tangi Linapokataa Mafuta: Uchambuzi wa Kadhia ya Kujaza Pikapu Kongwe

Miongoni mwa maradhi yanayolipata gari lililokwisha kula miaka mingi barabarani, yapo makubwa ambayo kila mtu huyatambua na kuyaogopa, kama vile injini kupoteza nguvu au gia kukataa kuingia, na yapo madogo ambayo mwenye gari huyavumilia kwa miezi, akiyahesabu kuwa ni kero tu wala si ugonjwa. Na katika hayo ya pili, ni machache yanayodharauliwa kama lile la tangi kukataa mafuta. Mhudumu wa sheli hutia nozeli shingoni mwa tangi, hubana mkono wake, na kabla lita mbili hazijaingia nozeli hukatika. Hubana tena, hukatika tena. Mafuta hurudi yakatiririka ubavuni mwa bodi. Waliopanga foleni nyuma huanza kupiga honi. Na mwisho wake dereva huondoka na nusu tangi, akimlaumu mhudumu, ilhali mhudumu naye anaulaumu uzee wa pikapu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba aghalabu wote wawili wana udhuru, na kwamba sababu ya kweli hukaa mahali ambapo hakuna kati yao aliyepatazama.

Neno la kuliweka mbele, kwa kuwa ndilo litakaloongoza mengine yote, ni kwamba tangi halina uwezo wa kukataa mafuta. Kinachokwama ni hewa iliyokosa pa kutokea. Tangi tunaloliita tupu halikuwa tupu hata siku moja, bali limejaa hewa iliyochanganyika na mvuke, na kila lita ya mafuta inayoingia haina budi kuitoa nje lita ya hewa hiyo, tena kwa mwendo uleule, maana vitu viwili havikai mahali pamoja kwa wakati mmoja. Pampu ya kawaida hutoa kiasi cha lita 30 hadi 40 kwa dakika, na huko Marekani sheria imeweka kikomo cha galoni 10 kwa dakika, yaani lita 38 hivi, kwa petroli; basi kwa kila dakika ya kujaza, hewa ya kadiri hiyohiyo yapasa iwe imekwisha kutoka, na kwa petroli huzidi kidogo, kwa sababu mafuta yanapovurugika huzaa mvuke mpya. Aliyepata kuchota maji kwa kibuyu chenye shingo nyembamba ameyaona haya kwa macho yake: maji huingia kwa vipindi, kila kipindi kikipisha viputo vya hewa vinavyopanda, na kadiri mtu anavyokizamisha kwa pupa ndivyo kinavyochelewa kujaa. Watengenezaji wa magari waliliepa jambo hilo kwa kuipa hewa njia yake mbali na njia ya mafuta, na takriban kila tatizo la kujaza ni khabari ya njia hiyo ya pili kuharibika, au ya njia ya kwanza kuwa nyembamba kuliko ilivyokusudiwa.

Ili kuufahamu ule mlio wa kukatika, yatupasa kwanza tujue nozeli hukatikaje, kwa sababu wengi hudhani ya kuwa ndani yake mna kifaa cha umeme kinachoupima ujazo wa tangi, na dhana hiyo huwapoteza. Karibu na ncha ya mdomo wa nozeli pana tundu dogo, nalo limeungwa kwa mrija mwembamba hadi ndani ya mkono wake, mahali palipo na kiwambo na komeo la springi. Mafuta yanapopita kwenye koo lililobanwa ndani ya nozeli huongeza mwendo, na yanapoongeza mwendo mgandamizo wake hupungua, jambo alilolibainisha Daniel Bernoulli wa Uswisi katika kitabu chake cha mwaka 1738, na ambalo Mtaliani Giovanni Battista Venturi alilieleza mwaka 1797 kwa mirija iliyobanwa katikati. Upungufu huo hufyonza hewa kupitia lile tundu la ncha, na maadamu hewa yapatikana, kiwambo hutulia. Tundu likizibwa na mafuta, au povu, au rasharasha iliyorudi kutoka shingoni, hewa hukosekana, mfyonzo huzidi kwa ghafula, kiwambo huvutwa, komeo hufyatuka, na mafuta hukatika.

Kwa hiyo nozeli inayokatika haituambii kwamba tangi limejaa; inatuambia tu kwamba ncha yake imelowa, na kulowa huko kwaweza kuletwa na mambo mengi ambayo kujaa ni mojawapo. Hapa ndipo pia inapobainika hekima ya zile hila za madereva ambazo hufanya kazi bila wao kujua sababu yake: anayeigeuza nozeli kichwachini hulihamisha lile tundu kutoka upande unaorushiwa mafuta, na kuupeleka mkondo kwenye ukuta mwingine wa shingo, anayeitoa nusu kidogo huliweka tundu juu ya mahali mafuta yanapojikusanya, na anayebana mkono kwa theluthi ya nguvu huipunguzia hewa haraka ya kutoka. Hila hizi zote ni halali, lakini zina thamani nyingine iliyo kubwa kuliko kujaza tangi la siku hiyo, nayo ni kwamba kila moja ni jaribio. Maana tangi linalokubali mafuta polepole na kuyakataa kwa kasi limekiri ya kuwa njia ya hewa ipo ila imesongwa, na tangi linalokataa hata kwa kasi ndogo limekiri ya kuwa njia imezibwa kabisa.

Kabla ya kwenda kwenye sababu zenyewe, inafaa kuuliza pikapu inayohusika ilitengenezwa lini na kwa soko gani, kwa kuwa dalili moja ina maana tafauti katika vizazi viwili vya magari. Pikapu za kale za Kijapani, na mfano wake ulio maarufu Afrika Mashariki ni Toyota Hilux iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968, zina mpangilio mwepesi: tangi limefungwa kwenye chesisi chini ya bodi, shingo ya kujazia imefungwa kwenye ubavu wa bodi, na kati ya viwili hivyo pana mpira mkubwa wa kupitisha mafuta na mpira mdogo wa pumzi unaopanda kandokando yake na kumalizikia juu ya shingo, karibu na mfuniko. Hewa hutoka kwa mpira huo mdogo na kupita ubavuni mwa nozeli hadi nje, na mtu akisogea karibu huisikia na kuinusa. Katika pikapu ya namna hii, hasa ya dizeli, hakuna vali ya umeme ya kuchunguza wala kompyuta ya kuiuliza. Kuna mipira miwili, shingo na mfuniko, basi.

Pikapu za Marekani zilifuata njia nyingine. Katika jimbo la California tangu magari ya mwaka 1970, na nchini kote tangu yale ya mwaka 1971, sheria ilitaka mvuke wa petroli usiachwe kwenda angani bali ushikwe katika kopo lililojaa mkaa, kisha unyonywe na injini wakati gari liendapo. Na mwaka 1994 ikatolewa kanuni nyingine iliyotaka hata mvuke unaosukumwa nje wakati wa kujaza uingie katika kopo hilohilo, kanuni iliyoanza kwa magari madogo ya mwaka 1998 na kuenea kwa pikapu hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2001 hadi 2006. Kuanzia hapo shingo ya tangi ilifanywa nyembamba makusudi, ili mkondo wa mafuta wenyewe uizibe na kuuzuia mvuke usirudi kinywani, na hewa yote ya tangi ikalazimishwa kupita katika vali iliyo juu ya tangi, ikafuata mrija hadi kwenye kopo la mkaa, ikaacha mvuke wake humo, na kutokea upande wa pili kupitia vali ya kupumulia. Matokeo ya mpangilio huu ni kwamba kipande chochote cha safari hiyo ndefu kikizibika, ijapokuwa kiko mita mbili mbali na shingo, mlio husikika palepale kwenye nozeli. Na fundi aliyezoea Hilux ya kabureta, akitazama mpira wa shingo tu, atabadilisha mpira mzima usio na kosa.

Sababu zenyewe zagawanyika mafungu manne, na la kwanza lipo nje ya gari. Nozeli ikiingia uchafu katika tundu lake hukatika kwa kila gari litakalofika, na nozeli iliyolegea komeo hufyatuka kwa mtikisiko mdogo. Wala haifai kuisahau ile pampu ya malori, ambayo hutoa dizeli kwa kasi inayozidi maradufu ya pampu ya kawaida na kwa mdomo mnene, nayo haikukusudiwa kwa tangi la pikapu. Dizeli yenyewe ina tabia ya kutoa povu inapovurugwa, na povu hulilowesha lile tundu sawasawa na mafuta. Ndiyo maana pikapu nzima ya dizeli, isiyo na illa yoyote, yaweza kukatisha nozeli mara kadhaa tangi linapokaribia kujaa, kisha ikapokea lita nyingine kadhaa povu linapotulia. Fungu hili hupimwa kwa jaribio lisilogharimu chochote, nalo ni kujaza katika kituo kingine, kwa pampu nyingine, gari likiwa limesimama mahali pa usawa. Na likifanya vilevile kwa pampu mbili au tatu, dhima imekwisha kuhamia kwenye gari.

Fungu la pili ni la njia ya mafuta yenyewe, yaani shingo na mpira mkubwa. Shingo ya chuma huoza kwa kutu, na kutu hupenda mahali pa chumvi: magari ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam huipata kwa hewa ya bahari, na yale ya nchi za baridi huipata kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Magamba ya kutu hujikusanya kwenye kijimlango cha springi kilichomo shingoni, au kwenye wavu wa kuzuia wezi wa mafuta, au kwenye kiungo cha mpira na tangi. Mpira nao una udanganyifu wake, kwa kuwa umetengenezwa kwa tabaka, na tabaka la ndani likizeeka huambuka na kuning'inia kama ulimi ndani ya njia, ilhali kwa nje mpira huonekana mzima na mweusi; asiyeufungua na kuutazama kwa mwanga upande hadi upande hawezi kuutolea hukumu. Kuna pia jambo la kipenyo: nozeli ya petroli isiyo na risasi ina mdomo wa milimita 21 hivi, ule wa petroli ya zamani yenye risasi ulikuwa wa milimita 24 hivi, na kwa kuwa petroli yenye risasi ilikwisha kuachwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, pikapu ya petroli iliyotengenezwa kwa mdomo mpana sasa hupokea nozeli nyembamba inayochezacheza shingoni, ikiupiga ukuta kwa pembe mbaya na kujirudishia rasharasha. Dawa yake ni kuishika nozeli ikae katikati wala isining'inizwe.

Lakini katika pikapu zetu za Afrika Mashariki ipo sababu ya fungu hili ambayo vitabu vya matengenezo haviitaji, kwa kuwa watengenezaji hawakuidhania, nayo ni kubadilishwa kwa bodi. Bodi ya chuma ya asili ikioza huondolewa, na mahali pake huwekwa sakafu ya mbao au bodi ya mabomba iliyochomelewa, na shingo ya tangi hufungwa upya popote palipopatikana nafasi. Ikiwa shingo mpya iko chini kuliko ile ya kwanza, mteremko wa mafuta hupungua, na yale ambayo yangeporomoka kwa uzito wake husimama na kuufikia mdomo wa nozeli. Ikiwa iko mbali zaidi, mpira hurefushwa kwa vipande na kulegea katikati. Na ikiwa fundi alisahau kuuhamisha mpira mdogo pamoja na mkubwa, hewa haina pa kwenda kabisa. Vivyo hivyo kwa pikapu iliyoinuliwa bodi juu ya chesisi kwa vipande vya kati ili ipate kuvaa matairi makubwa: tangi hubaki chini na chesisi, shingo hupanda na bodi, mipira huvutwa, na mpira uliovutwa hubanika kwenye kona. Yeyote anayenunua pikapu ya mkono wa pili yenye bodi isiyo ya kiwandani na akasikia nozeli ikikatika, aanze na kona za mipira hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Fungu la tatu, nalo ndilo pana kuliko yote, ni la njia ya hewa. Ndani yake ziko illa za namna tatu. Ya kwanza ni mpira mdogo kukunjika, kubanwa na sakafu, au kulegea ukafanya bonde; na bonde hilo ni la hila, kwa maana mafuta yaliyoruka hujikusanya ndani yake na kuwa kizibo cha majimaji, hewa ikawa yazuiwa na mafuta yaleyale inayotakiwa kuyapisha, kisha gari likitembea na kutikisika kizibo humwagika, na fundi akiufungua mpira siku ya pili haoni kitu. Ya pili ni uchafu na viumbe. Tundu la pumzi lisilo na chujio hukaribisha vumbi na matope, na nyigu wa matope hulihesabu kuwa nyumba iliyokwisha kujengwa. Hata buibui wamo, kwani mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyarudisha gereji magari yapatayo 65,000 ya Amerika ya Kaskazini kwa sababu ya buibui mmoja wa rangi ya manjano aliyevutwa na harufu ya mafuta, akawa anafuma utando ndani ya mrija wa pumzi wa kopo la mkaa, na kuliweka tangi katika hatari ya kupasuka kwa kukosa hewa ya kuingia. Pikapu za Kimarekani zenye vali ya kupumulia iliyofungwa chini, kwenye mhimili wa chesisi nyuma ya tairi, hupata shida hiyohiyo kwa vumbi la barabara za mashamba, na mafundi wa huko wamezoea kuihamishia mahali pa juu na kuiwekea chujio.

Illa ya tatu ya fungu hili ni kopo la mkaa kulowa, na aghalabu huletwa na mkono wa mwenye gari mwenyewe. Ipo desturi ya kuendelea kubana nozeli baada ya kukatika kwa haki, ili tangi lijae hadi shingoni au bei ifikie shilingi zisizo na chenji. Petroli hutanuka kiasi cha sehemu 1 katika 1,000 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo lita 60 zilizotoka katika tangi la chini ya ardhi zikiwa na nyuzi 20, zikiachwa juani hadi kufikia nyuzi 35, huongezeka karibu lita moja nzima, na lita hiyo isiyo na nafasi hutafuta njia ya hewa na kuingia katika kopo lililotengenezwa kwa mvuke tu. Mkaa ulioloweshwa na mafuta huvimba na kumomonyoka, na punje zake husafiri ndani ya mirija hadi kuziziba vali zote mbili, ile ya kupumulia na ile ya kuupeleka mvuke kwenye injini. Ndivyo jambo lililoanza kama tamaa ya nusu lita linavyoishia kwa kopo zima na vali zake kubadilishwa.

Fungu la nne ni la vitu vinavyofanana na tatizo la kujaza lakini sivyo. Pikapu ambayo hujazwa vizuri, kisha hukataa kuwaka mara tu baada ya kujazwa na kuwaka tu kwa kukanyaga mafuta hadi chini, ina vali ya mvuke iliyoshindwa kufunga; mvuke mzito wa tangi lililotoka kujazwa huingia injini na kuizamisha, na asiyejua hulaumu mafuta ya kituo. Pikapu inayozima njiani baada ya kilomita kadhaa na kufufuka mfuniko unapofunguliwa kwa sauti ya kufyonza, shida yake ni hewa kukosa pa kuingia wala si pa kutokea, na sababu yake mara nyingi ni mfuniko wa duka usio na tundu la pumzi uliowekwa badala ya ule uliopotea. Na ikiwa sauti ni ya kupuliza nje, hilo laweza kuwa joto la kawaida. Pikapu za Ford zenye matangi mawili na petroli ya kupulizwa kwa injekta, za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, zilikuwa na ugonjwa wa peke yake: vali ya kurudishia mafuta ikiharibika, petroli iliyonyonywa katika tangi moja hurudishwa katika la pili, na dereva aliyekwenda kujaza tangi analolidhania kuwa nusu hukuta limejaa pomoni na linafurika. Na mwisho kuna geji, ambayo boya lake likitoboka au waya wake ukikatika husema uongo, na mtu huja kujaza tangi lililokwisha kujaa. Huyu nozeli inamwambia kweli, naye haisadiki.

Baada ya sababu kujulikana, lililobaki ni tadbiri ya kuzichambua moja baada ya nyingine, na kanuni yake ni kuigawa njia katikati, kisha kuuliza kizuizi kipo upande upi. Hatua ya kwanza ni ile ya pampu nyingine. Ya pili ni kuangalia nozeli hukatika tangi likiwa na ujazo gani: ikikatika tangi likiwa tupu na likiwa nusu sawasawa, kizuizi ni cha kudumu, ama shingoni ama katika mrija wa hewa, ikianza kukatika pale tu tangi linapofika robo tatu, shuku bonde la mpira wa hewa, au gari kuegeshwa mteremkoni, au vali ya juu ya tangi inayofunga mapema. Ya tatu ni kumimina lita 5 kutoka kwenye dumu kwa faneli pana na kwa utulivu, nje penye upepo; mafuta yakienda bila kusimama, njia ya mafuta ni nzima na shaka yote inabaki kwenye hewa, na yakisimama shingoni hata kwa mwendo huo wa uzito wake tu, kuna kitu ndani ya shingo au mpira mkubwa.

Kwa pikapu yenye kopo la mkaa kuna hatua ya nne inayofaa kuliko kununua spea kwa kubahatisha, nayo hufanywa kwa kujaza mafuta ya dumu kwa kasi kidogo baada ya kila kiungo kufunguliwa. Fungua kwanza upande wa hewa safi wa kopo, penye vali ya kupumulia: tangi likikubali, vali hiyo ndiyo mkosaji. Likikataa, irudishe, na uufungue mrija unaotoka kwenye tangi kuingia kwenye kopo: likikubali sasa, kopo limelowa au limezibika. Likikataa tena, kizuizi kipo kwenye mrija wenyewe au kwenye vali ya juu ya tangi, na hapo tu ndipo inapofaa kuzungumzia kulishusha tangi, kazi ambayo ni nzito na ya hatari na ambayo mafundi wengi huianza nayo. Magari ya Marekani ya mwaka 1996 na baadaye yana kompyuta itakayosaidia, kwa kuwa hutunza alama za hitilafu, na zile za P0446 kwa saketi ya vali ya kupumulia, P0455 kwa uvujaji mkubwa wa mvuke na P0442 kwa ule mdogo hutoa fununu. Lakini ziwe fununu tu, kwa sababu kompyuta hupima njia ya hewa gari linapotembea, haikuwapo pale kwenye sheli, na mpira wa shingo uliobanwa haina namna ya kuujua.

Mintarafu ya usalama, hapana nafasi ya mzaha. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa katika mashimo ya gereji. Huweza kushika moto ukiwa asilimia moja na nusu tu ya hewa inayouzunguka. Na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 50. Kwa hiyo majaribio haya hufanywa nje, injini ikiwa imepoa, betri imefunguliwa, bila sigara wala taa ya balbu ya kawaida chini ya gari. Asitokee mtu akapuliza kompresa ya matairi ndani ya mrija uliounganika na tangi, maana mirija na vali za hewa zilitengenezwa kwa mgandamizo mdogo mno, na pumzi hiyo huzipasua au kuusukuma uchafu ndani zaidi. Tangi lililomwagwa mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke, na kulichomelea bila kulisafisha ni kuitafuta mauti.

Kadhalika yastahili kutajwa dawa moja inayotolewa sana mitaani, nayo ni kulitupa kopo la mkaa na kuziba mirija yake. Fundi anayeiziba mirija yote miwili ameliacha tangi bila pumzi yoyote isipokuwa mfuniko, tatizo la kujaza litarudi likiwa kubwa kuliko lilivyokuwa, na ikiwa mfuniko haupitishi hewa, tangi laweza kujikunja kwa ndani. Mrija ukiachwa wazi, kujaza kutapona, lakini harufu itaingia kwenye kebini na vumbi litaingia kwenye tangi. Kwa pikapu iliyozaliwa bila kopo dawa ni kuirudisha mipira yake katika mkao wa kiwandani, na kwa iliyozaliwa nalo dawa ni kulibadilisha. Njia ya katikati huonekana nafuu siku ya kwanza tu.

Alhasili, mwenye pikapu kongwe hahitaji kuwa fundi ili aokoe fedha yake katika jambo hili, lakini anapaswa kwenda gereji na majibu manne: nozeli hukatika kwa pampu zote au kwa moja, hukatika kwa ujazo wowote au karibu na kujaa, hukubali kwa polepole au hukataa kabisa, na bodi, mfuniko au kopo la mkaa limewahi kubadilishwa au la. Fundi atakayeyapokea majibu hayo ana robo tatu ya uchunguzi mikononi kabla hajalala chini ya gari, na asiyeyauliza, akaanza kwa kutaja bei ya tangi au ya pampu ya mafuta, ametoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Spea zinazohitajika mara nyingi ni mpira wa kipande, kibano, mfuniko wenye pumzi, au vali moja iliyojaa vumbi. Na kazi yenye gharama ya kweli, ya kushusha tangi na kufungua vali iliyo juu yake, iachwe iwe ya mwisho, baada ya vile vyote vilivyo rahisi kuchunguzwa na kuonekana havina kosa.